Danang na Kiti cha Kulia

Wiki ile tangazo lilipobandikwa ofisini, Danang aliacha kula. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia, kwa hiyo nilijua kabla ya wengine. Kande ilirudi jikoni imechokolewa pembeni tu, na nyama ya moshi, ambayo watu wa mji wetu, Kupang, wanaweza kuigombania hata msibani, alikuwa ameifunika kwa majani ya mboga ili nisiione. Ndivyo alivyokuwa. Hata chakula kikimshinda, hakutaka mpishi ajisikie vibaya.

Nyumba ya marubani iko Penfui, karibu na uwanja wa ndege. Injini zikiwashwa asubuhi vikombe vinalia kabatini. Nimeitunza nyumba hiyo miaka kumi na sita, napika, nafua, nafagia, na wakati wa chakula nakaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni. Marubani wamenizoea hata wanasahau kwamba nipo. Mengi ya haya niliyasikia mezani. Mengine Danang aliniambia mwenyewe huku akinisaidia kukausha vyombo, kwa sababu hakuweza kukaa bure akimwona mtu aliyemzidi umri anafanya kazi.

Jina lake kamili ni Danang Prihatmoko, mtu wa Klaten, kisiwa cha Java. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwili mdogo, nywele zimechanwa kwa maji. Alipokubaliwa chuo cha urubani baba yake aliuza shamba la mpunga, lote, akawa analima la jirani. Danang akamaliza chuo, akakaa miaka mitatu bila ndege, akisambaza madumu ya maji ya kunywa kwa pikipiki, vyeti vyake vya urubani vimefungwa kwenye nailoni ndani ya mkoba kifuani, asije akaitwa ghafla. Mwishowe kampuni yetu ikamwita. Mke wake Wening na binti yao walibaki Klaten. Yeye akaja huku kwetu Timor kukaa kiti cha kulia.

Kampuni ina ndege nne za mapangaboi, za mizigo. Zinapeleka mchele, dawa, barua na vipuri vya jenereta visiwani. Kiti cha kushoto anakaa kapteni. Cha kulia anakaa msaidizi. Tangazo lilisema kwamba kuanzia mwaka mpya safari za mizigo zinaweza kurushwa na kapteni peke yake, na kazi ya kiti cha kulia ifanywe na programu yenye akili. Programu hiyo ilikuwa imekwisha kukaa ndani ya ndege miezi sita, imefungwa mdomo, inasikiliza na kutazama tu. Sasa hesabu zingefanywa. Kila palipotokea hatari, nani aliiona na kuisema kwanza, programu au msaidizi? Wasaidizi watakaoshindwa wataachishwa kazi kwa heshima. Tangazo lilisema hivyo, kwa heshima.

Marubani waliiita programu hiyo Nona, yaani binti, kwa sababu ilipewa sauti ya msichana.

Danang alikuwa amebakiza saa mia nne na kidogo za kuruka ili aruhusiwe kufanya mtihani wa ukapteni. Nilimsikia akizitaja saa hizo mara nyingi, polepole, kama mtu anayejipapasa mfukoni kuona kama funguo bado zipo. Kiti cha kulia kikiondolewa, saa hizo angezipata wapi? Kampuni nyingine zote zilikuwa zinangoja kuona yetu itafanyaje, nazo zifuate.

Kapteni wake alikuwa Suharjito, mtu wa Solo, miaka sitini na miwili, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama brashi ya viatu. Sisi tulimwita Pak Jito; Pak ni kifupi cha Bapak, baba, na Danang hakuwahi kumwita "wewe", alimwita Bapak tu. Walikuwa wameruka pamoja miaka mitatu, na sijawahi kusikia mmoja akimkatiza mwenzake maneno. Wakila pamoja, kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake achukue kipande cha mwisho, mpaka kipande kikapoa nikakirudisha jikoni.

Basi akaja Tiurma kutoka Jakarta. Tiurma Simanungkalit ni Mbatak, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na yeye ni mmoja wa waliomtengeneza Nona. Aliingia mchana wakati wa chakula, akaweka kompyuta yake katikati ya meza, kati ya bakuli la pilipili na la mboga.

"Om Melki, kande hiyo ni ya nani?" akaniuliza mimi kwanza, maana wote huniita Om, mjomba.

"Ya atakayekula," nikasema.

"Basi ni yangu. Mas Danang, kaa hapa. Na wewe Kapteni usikimbie, linakuhusu."

Akabonyeza kitu. Sauti ya Danang ikatoka kwenye kompyuta, na ngurumo ya injini nyuma yake: "Peremende, Pak?" Karatasi ikachakarika. Kisha sauti ya Pak Jito: "Ee, lete."

"Wakati huo," Tiurma akasema, "ndege iko chini ya njia yake kwa futi mia na hamsini, mbele kuna wingu, ndani ya wingu kuna mlima. Nona ameshaandika hatari. Wewe unagawa peremende. Ilikuwa sherehe ya nani?"

"Haikuwa sherehe, Kak," Danang alisema. Kak ni dada, kama Mas ni kaka.

"Basi nini? Nimezihesabu. Hatari ishirini na tisa, peremende ishirini na tatu. Hatari, peremende. Hatari, peremende. Nikadhani unataka kumuua mzee kwa kisukari urithi kiti chake."

Pak Jito alicheka mpaka akakohoa. Danang hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko bila kukitumia.

"Mwambie, mwanangu," Pak Jito alisema.

"Kak," Danang alisema. "Nikimpa Kapteni peremende ya tangawizi, anapitia vipimo vyake."

"Vipi?"

"Vyote. Mwendo, kimo, upepo. Akiona kuna kitu, anarekebisha."

"Na kama anakula tu peremende?"

"Hajawahi kula tu," Danang alisema.

Tiurma akamgeukia Pak Jito. "Mlipatana hivyo?"

"Hatujawahi kuzungumza habari hiyo hata siku moja," Pak Jito alisema. "Mara ya kwanza, nafikiri, alinipa peremende kwa sababu alikuwa anaogopa kunipa kitu kingine. Nikamwona mkono unatetemeka. Nikajiuliza, huyu anatetemekea nini? Nikaangalia vipimo. Nikaona. Tangu siku hiyo peremende ikija, naangalia."

"Lakini kwa nini asikwambie tu, Kapteni tuko chini?"

Danang alitazama bakuli la pilipili. "Kak Tiurma, Pak Jito anaruka tangu mimi sijazaliwa. Nimwambie tuko chini, kana kwamba hajui? Yeye anajua. Mimi namwonyesha tu kwamba niko macho."

"Kwetu Toba," Tiurma akasema, "mtu akikukanyaga unamwambia toa mguu wako, mbwa wewe, kisha mnakunywa kahawa."

"Kwetu Solo," Pak Jito akasema, "tunamuuliza kama viatu vyake ni vipya."

Hapo hata Danang alitabasamu kidogo. Lakini Tiurma alifunga kompyuta, na alipoifunga uso wake ulibadilika. Alisema kwamba yeye binafsi ameona kuwa kila mara ndege ilirekebishwa. Ila Nona anahesabu maneno, na Jakarta wanahesabu anachohesabu Nona. Kwa hesabu hiyo, kapteni alijirekebisha mwenyewe mara ishirini na tatu, na kiti cha kulia kilikaa bure. Wasaidizi wako saba. Danang alikuwa wa saba.

"Huwezi kuongeza safu ya peremende?" Pak Jito aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Niliuliza, Pak. Walinicheka."

"Na hili uliwauliza? Mimi nimekuwa kapteni kwa kukaa kulia miaka tisa. Mkiondoa kiti hicho, makapteni wa kesho mtawatoa wapi?"

"Nimeuliza pia. Wakasema huenda kesho haja yao haitakuwepo."

Pak Jito aliweka kijiko chini.

Tiurma alikuwa amekuja na nafasi moja tu mkononi. Baada ya siku kumi na mbili kungekuwa na safari ya mwisho ya kupima, mzigo wa mchele kwenda Nualolo, upande wa kusini wa kisiwa cha Flores. Nona angefunguliwa mdomo. Yeye Tiurma angekaa kiti cha kukunja nyuma yao. "Ukimtangulia kusema, nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na watanisikiliza. Akikutangulia yeye, Mas, sina la kufanya. Na iwe kwa maneno. Kapteni, mwendo umezidi. Kapteni, paa. Hivyo tu. Hata mtoto anaweza."

"Ndiyo, Kak," Danang alisema. Jioni hiyo alikausha sahani moja mpaka nikamnyang'anya.

Walifanya mazoezi kwenye baraza, asubuhi baada ya chai. Pak Jito aliweka viti viwili vya plastiki sambamba, akashika mpini wa ufagio wangu uwe usukani. Mimi nilikuwa naanika mashuka uani.

"Haya. Tunashuka. Mwendo wangu umezidi, upepo unanisukuma nyuma, njia imelowa. Niambie."

"Pak," Danang alisema, "labda kama Bapak angependa kuangalia mwendo..."

"Nona ameshasema mara tatu. Tumekufa. Om Melki anatuchemshia maji ya kutuosha. Tena."

"Kapteni, naona kama mwendo..."

"Unaona kama? Mpaka umalize kuona, mchele umemwagika mlimani. Tena!"

"Mwendo umezidi," Danang alisema, kwa sauti ndogo hata kuku aliyekuwa chini ya kiti chake hakuinua kichwa. "Tafadhali."

Pak Jito alitupa ufagio. "Nitukane! Mimi si kapteni. Mimi ni mbuzi, umenikuta nakula shati lako la sare. Utaniambia tafadhali?"

"Mbuzi wa nani, Pak?" Danang aliuliza.

Nilicheka mpaka shuka likaniangukia. Lakini nilipotazama barazani, Danang alikuwa ameshika magoti yake, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, ingawa jua lilikuwa halijapanda. Kwao mtoto hafundishwi kunyamaza kwa fimbo. Anaona tu kwamba aliyemkosoa mkubwa mbele ya watu hatazamwi tena usoni na mtu yeyote, wala hata yule mkubwa hamlaumu, anampisha njia tu. Alinieleza hivyo siku moja, na akasema afadhali apigwe.

Siku kumi na mbili zilipita hivyo. Alimpigia Wening kila jioni. Hakumwambia lolote juu ya safari ya kupima. Aliniambia kwamba baba yake amemuuliza kwa simu lini atapewa mstari wa nne begani, ule wa kapteni, na yeye amejibu hivi karibuni, kisha akakaa chooni muda mrefu.

Asubuhi ya safari niliwapa uji. Pak Jito alikunywa. Tiurma alikunywa bakuli mbili. Danang alishika bakuli kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, akalirudisha limejaa. Alipokuwa anavaa viatu alisema maneno manne kimoyomoyo, midomo ikicheza, na nikayatambua: Kapteni, mwendo umezidi, paa.

Yaliyotokea angani sikuyaona. Nayaandika kama nilivyoyasikia kwa wote watatu, na kwa sehemu kubwa hawakupishana.

Njiani hapakuwa na shida. Nona alisema mara mbili, mambo madogo, mara moja kundi la ndege wa porini na mara moja masafa ya redio. Mara zote mbili Danang alikuwa ameshafungua mdomo. Tiurma alimgusa bega kwa nyuma, maana yake vizuri, uko naye sawa, endelea.

Nualolo kuna njia fupi inayoanzia ufukweni, na mwisho wake umesimama mlima Kelibara. Kwa hiyo kampuni ina sheria. Ukifika futi mia tano na kitu chochote hakijakaa sawa, mwendo au kimo, unapaa tena na kuzunguka. Ukishuka chini ya mia tatu hakuna kupaa. Mlima uko mbele yako, na ndege yenye mchele haiwezi kuuruka. Chini ya mia tatu unatua, iwe vyovyote.

Mvua ilikuwa imeacha muda mfupi. Walipogeukia njia, Danang aliona moshi wa watu wanaochoma majani ya nazi ufukweni. Ulikuwa unalala kuelekea mlimani. Upepo ulikuwa umegeuka, ulikuwa nyuma yao. Alitazama mwendo. Ulikuwa umezidi, kwa kidogo. Futi mia nane. Mia saba. Ukazidi zaidi.

Pak Jito naye aliuona moshi ule. Aliuona kabla ya Danang. Siku nyingine yoyote angekuwa ameshasukuma nguvu na kuzunguka. Lakini alifikiri: hii ndiyo nafasi ya kijana. Nikirekebisha mimi, itaandikwa tena kwamba nimejirekebisha. Acha aseme. Nitamsubiri mpaka mia tano.

Danang naye alimtazama Pak Jito pembeni ya jicho. Aliona uso umetulia, mkono umetulia. Akafikiri: ameona. Mtu kama huyu hawezi kutouona moshi. Sasa hivi atarekebisha. Nikisema sekunde hii, nitakuwa nimemwaibisha bure mbele ya mgeni na mbele ya mashine inayoandika. Nimwachie mpaka mia tano.

Mia tano ikafika. Kila mmoja akamwachia mwenzake kidogo tena.

Kwenye mia nne na hamsini Nona alisema, "Mwendo umezidi. Paa."

Tiurma anasema alitegemea mkono wa Pak Jito usogee. Haukusogea. "Nilidhani amepatwa na kiharusi," aliniambia. Mdomo wa Danang ulikuwa wazi na hautoi kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda mfukoni wenyewe, na vidole vilikuwa vimeshika karatasi ya peremende. Nona alisema tena, kwa sauti ileile, bila haraka. Mia nne. Minazi ikawa na makuti yanayohesabika. Danang anasema hapo alimfikiria yule mbuzi, na haikumchekesha.

"Paa!" akapiga kelele. "Paa wewe mzee! Paa!"

Hakusema Pak. Hakusema Kapteni. Alisema kama anavyofukuzwa mbwa jikoni. Na mkono wa Pak Jito ukasukuma nguvu zote mbele kabla neno halijaisha. Ilikuwa futi mia tatu na arobaini. Ndege ilinguruma, ikainua pua, ikageukia kushoto juu ya bahari, na bawa la kulia likapita karibu na Kelibara, hata Tiurma akaona mbuzi wa kweli wamesimama juu ya mawe ya mlima wakiwatazama.

Walizunguka juu ya bahari mpaka upepo ukatulia, wakashuka mara ya pili, wakatua salama. Walishusha mchele. Walirudi Kupang. Saa saba mchana waliingia mezani kwangu wote watatu, wakaketi kama watu waliotoka kuzika.

Tiurma alifungua kompyuta. "Nona alisema kwenye mia nne na hamsini," akasema. "Mas Danang kwenye mia tatu na arobaini. Sekunde nane." Safari hii sauti yake haikufika hata jikoni, ilibidi nisogee. "Sekunde nane, Mas."

"Najua," Danang alisema.

"Amekutangulia."

"Najua, Kak."

"Na wewe Kapteni!" Hapo sauti yake ikarudi. "Nona alikwambia upae. Kwa nini hukupaa? Nina watoto wawili, mimi! Ulikuwa unafanya nini sekunde nane?"

Pak Jito alikuwa anazungusha kikombe kitupu. "Nilikuwa namngoja," alisema.

"Nani?"

"Yeye. Moshi niliuona kwenye mia nane."

Danang aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waingie amtazame. "Bapak aliuona?"

"Niliuona. Nikakuachia useme."

"Mimi nilikuwa namwachia Bapak arekebishe."

Tiurma alitazama huyu, akatazama yule. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Mlikuwa mnapishana mlangoni. Ingia wewe. Hapana, ingia wewe. Na mimi nimefungwa mkanda nyuma yenu!"

"Na Nona ulipomsikia?" Tiurma alimuuliza Pak Jito tena baadaye. "Kwa nini hukumfuata Nona?"

Pak Jito aliacha kuzungusha kikombe. "Nilimsikia kama mtu anavyosikia redio ya dukani. Inasema, lakini haisemi nami. Huyu aliponifokea, mkono ulikwenda wenyewe. Sikuuamuru." Kisha akamwambia Danang, kwa upole, "Umenifokea vizuri."

"Naomba radhi, Pak."

"Usiombe. Nakwambia ni vizuri."

Lakini Danang aliomba radhi mara tatu zaidi, na kila mara Pak Jito alisema usiombe, na kila mara, niliona, macho yao yalikutana kwa muda mfupi kuliko mara iliyotangulia.

Tiurma aliandika taarifa hapo mezani, ikamchukua mchana wote. Aliandika kwamba programu ilitangulia kwa sekunde nane. Aliandika pia kwamba mkono wa kapteni haukuitii programu bali uliitii sauti ya msaidizi, na kwamba kama kiti cha kulia kingekuwa kitupu, kwa kadiri anavyojua yeye, ndege ingefika mia tatu. Pak Jito alitaka iandikwe na habari ya kungoja kwake.

"Nikiiandika hiyo, Pak, hutaruka tena," Tiurma alisema.

"Usipoiandika, watasema kijana alichelewa bila sababu. Andika."

Danang alisimama. "Pak, hapana. Bapak asifanye hivyo."

"Kaa chini, mwanangu. Andika, Bu Tiurma."

Barua kutoka Jakarta ilikuja baada ya wiki tatu. Pak Jito alisimamishwa, na kabla hawajamwita kumhoji akaomba kustaafu, akarudi Solo. Kiti cha kulia kitaendelea kuwepo mwaka mmoja zaidi, ili Nona ajifunze kusema kwa namna ambayo kapteni atatii. Watamfundisha kwa sauti zilizorekodiwa, na ile iliyotajwa kwa jina katika barua ni ya Danang, ya Nualolo. Baada ya mwaka watahesabu upya. Danang aliisoma barua mara mbili akaikunja. Nikamwambia hongera, maana sikujua neno lingine. Akasema asante, Om.

Siku Pak Jito alipoondoka Danang alimbebea begi mpaka kwenye mlango wa abiria. Nilikwenda nao na mfuko wa nyama ya moshi ya kupeleka nyumbani. Walisimama muda, wakazungumza juu ya mvua. Pak Jito akauliza kama kati ya Solo na Klaten bado kuna treni ya saa nne. Danang akasema ipo, Pak.

Sasa Danang anaruka na kapteni kijana kutoka Manado, mcheshi, anayempigia kelele kila mtu na kupigiwa bila kununa. Nona ana mdomo wazi siku zote. Nilimuuliza Danang kama imekuwa rahisi, kwa kuwa sasa ameweza kusema. Saa zake zimebaki mia moja na tisini.

"Nasema kila kitu, Om," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Nasema hata kabla hakijatokea. Kapteni ananiuliza, umeona nini? Namwambia bado, lakini mwendo unaweza kuzidi."

"Kwa nini usingoje uone?"

Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, gari la kumpeleka uwanjani linanguruma nje.

"Mtu akitaka kusema, Om, unamsikia anavuta pumzi kwanza. Pak Jito nilikuwa najua anataka kusema kabla hajasema. Hata wewe hapo jikoni, najua. Nona havuti pumzi. Kimya, kimya, halafu ameshasema, na wewe umechelewa. Siwezi kujua lini. Kwa hiyo sinyamazi."

Dereva akapiga honi. Danang alivaa kofia, akaangalia saa, akasema kwa sauti kubwa, bila kumwambia mtu yeyote, "Tumechelewa dakika mbili," akatoka.